Mama Mkwe Mtarajiwa Hataki Nguo za Kafa Ulaya

Admin, jina langu usiliweke, ninaishi na watu wanaosoma ukurasa huu. Nina miaka ishirini na saba, niko Eldoret, na kuna kicheko kimoja ambacho kimekataa kutoka masikioni mwangu. Hakikuwa kirefu. Kilitokea puani, kidogo tu, kama mtu anayepuliza vumbi kwenye simu. Aliyecheka ni mchumba wangu.

Nilisoma chuo pale Chepkoilel, nikamaliza vizuri. Kazi ya masomo yangu niliitafuta hadi nikachoka kutafuta, na uchovu huo ndio ulionipeleka sokoni kwenye mitumba. Mimi siuzi kibandani. Mimi huchagua. Beli la nguo likikatwa mikanda asubuhi, mimi na wanawake wengine wachache huinama tukatoa zile nguo za kwanza, nzuri kuliko zote, tunazoziita kamera. Nikifika nyumbani nafua, naziba palipofumuka, nabadilisha vifungo, napiga pasi. Wenye butiki za mjini huzichukua kwangu wakazitundika. Ukiuziwa gauni huko ukaambiwa limetoka nje, hujadanganywa.

Nguo zangu mwenyewe zote zimetoka hapo. Ndizo zilizomfanya Kibet (nimuite hivyo, si jina lake) anisimamishe mara ya kwanza akitaka kujua nashonewa na nani. Nilimwambia ukweli papo hapo. Akasema, "Basi nichagulie na mimi." Nikamtafutia koti la sufu, rangi ya majivu, bitana yake nzima kabisa. Tangu siku hiyo halimtoki mwilini. Baridi ya hapa mnaijua.

Mwezi uliopita alinipeleka kwao kijijini, Ziwa, nimjue mama yake kabla wazee hawajaja kwetu kuzungumza mahari. Yule mama sina ubaya naye. Alinimiminia mursik, yale maziwa yetu ya mgando, kwa mkono wake, akanikalisha karibu naye, akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipotaja soko, uso wake ukabadilika.

"Mitumba? Hizi za kafa Ulaya?"

"Ndiyo, Mama."

"Mimi nimekua nikivaa nguo za watoto wa tajiri aliyemwandika mama yangu. Darasa zima lilijua gauni langu lilikuwa la nani mwaka uliopita. Nikaapa, mtoto wangu hatavaa masalio ya mtu." Akageuka, akalainisha kola ya lile koti la Kibet kwa kiganja. "Ona huyu. Anajinunulia kitu kipya, anapendeza. Na wewe na masomo yako yote, unachimbachimba marundo?"

Nilimtazama Kibet nikangoja. Ndipo akacheka kile kicheko, akasema, "Ataacha, Mama. Hiyo ni ya kusukuma siku tu."

Tulipokuwa tunarudi nilimuuliza kwa nini hakusema. "Wachana na hiyo stori," akasema. "Mama ni mama. Unataka nianze kubishana naye juu ya koti?"

Haukupita muda, mama yake akaja mjini mwenyewe, akafika hadi nyumbani kwetu mtaa wa West Indies na mfuko wa butiki. "Nimekununulia ya siku ya wageni," akasema. "Mpya. Uanze nayo." Nikaufungua. Lilikuwa gauni la kijani, na nililijua kabla sijalikunjua. Vifungo vya mgongoni nilivishona mimi, na kile cha chini kabisa nilikishona kwa uzi mweusi kwa sababu wa kijani uliniishia. Aliketi kwenye ukingo wa kiti akinitazama kama mtoto anayengoja kusifiwa. Nikamwambia asante, Mama, ni zuri sana. Na kweli lilikuwa zuri, ndiyo sababu nililichagua.

Kibet nilipomwambia hakucheka. "Usithubutu kumwambia. Utamwaibisha. Vaa tu, ni siku moja."

Nililiwaza hilo neno, siku moja. Nikajiona nikizeeka ndani yake, nikificha mikono yangu inayonuka sabuni, nikingoja kila mara mtu mmoja afungue mdomo wake kwa ajili yangu. Watu hudhani kazi hii ndiyo inayochosha. Mimi nilichokuwa nimechoka nacho ni kumngoja Kibet.

Jumamosi nilienda Ziwa peke yangu na gauni likiwa limekunjwa mkobani. Nilimkuta mama jikoni, hakukuwa na mwingine. Nikamwambia yote kuhusu gauni hilo. Akaligeuza, akautazama ule uzi mweusi kwa muda.

"Kwa hivyo nimenunua kafa Ulaya."

"Ndiyo, Mama. Lakini nilikuwa nimelifua mara mbili."

Akacheka, akafuta macho kwa upindo wa leso. Kisha akauliza, "Na Kibet alijua?"

"Ya Kibet muulize Kibet."

Gauni alikataa kulichukua, akasema zawadi hairudi. Kuhusu koti sikumwambia neno. Jioni nilimpigia Kibet nikamweleza, "Ya gauni nimeshasema. Ya koti nimekuachia wewe."

Jumapili baada ya kanisa mama yake alinipigia simu, sauti yake ya upole. "Pole, msichana wangu. Umesikia? Kibet ameibiwa lile koti lake zuri."

Najua hapa ndipo watu huomba ushauri. Mimi nimewaandikia tu ili mjue, kwa sababu ukimya umenielemea. Nilimwambia, pole na wewe, Mama. Nikakata simu, nikateremka hadi dukani kwa baba, nikamwomba awaarifu wazee wa Ziwa wasifunge safari. Baba aliweka chini pakiti ya unga aliyokuwa ameshika, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia ninayo.

Jumanne lilikuja beli jipya. Nilikwenda.