Jamaa ya Tata Fan

Tangu juzi siwezi kutoka kanisani kwetu Kapata bila mtu kuniuliza, "Kabedi, Tata Fan hajambo?" Basi bora nisimulie mwenyewe.

Ilikuwa siku yangu ya kwanza kuhudumia mezani katika resto ya Wachina, hapa Kolwezi. Patroni, mama Mchina mwenye resto, aliyezoea Kiswahili chetu, aliniuliza kama ninaelewana na Wachina. Nikajibu, "Mama, bale ni bandugu yangu!" Kichina changu chote kilikuwa "nihao".

Mteja wa kwanza akaketi, akaniangalia, akasema, "Mi fan."

Sisi wa Kolwezi hatuhangaiki na "mimi", "mi" inatosha. Nikafurahi: Mchina anajitambulisha kwa lugha yetu! Nikampa mkono, nikamwita tata, yaani baba, kwa heshima. "Karibu, Tata Fan. Mi Kabedi."

"Mi fan," akarudia.

"Nimesikia, tata."

Meza ya pili, mwingine akapaza sauti: "Mi fan!"

Kumbe naye ni Fan! Watu wa jamaa moja wametoka mbali hivyo, halafu wanakula mbalimbali kama wagomvi? Nikamwinua yule wa pili, nikamketisha kando ya mwenzake. "Ndugu yako ni huyu!" Wakatazamana kama mbuzi wa sokoni.

Patroni akatoka jikoni. "Kabedi, unafanya nini?"

"Mama, ni ba Fan. Nimebakutanisha."

Akafumba macho. "Mi fan ni muchele. Banaomba muchele."

Tata Fan akajishika tumbo, akaniambia taratibu, kwa Kiswahili safi cha Kolwezi:

"Mi niko na njala."