Aliyeondoka Mwisho

Nilipokuwa mdogo, Mungu alikuwa jicho. Mwalimu wa mafundisho ya komunyo ya kwanza, pale kigangoni kwetu Mwazye, alituambia kwamba Mungu anatuona popote, hata nyuma ya mlango uliofungwa, na mimi nikamwamini kuliko alivyotarajia. Nikawa naenda chooni nimefumba macho, nikidhani kwamba nisipomtazama, naye ataona aibu atazame pembeni. Siku moja mama alinikuta natoka chooni napapasa ukuta, akauliza kulikoni, nikamweleza. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniambia kwa Kifipa kwamba Mungu ana watu wengi wa kuwatazama, na wengine wana mambo makubwa kuliko ya chooni.

Sasa mimi ni mtu mzima, fundi cherehani mjini Sumbawanga, na Kanisa nimeliacha. Nikiulizwa dini yangu, Kiswahili kinanipa neno moja tu, mpagani, neno ambalo sisi wenyewe tukiwa watoto tulimwitia mtu asiyenawa miguu. Waliosoma husema dini ya asili, lakini hilo nalo huniteleza mabegani kama nguo ya kuazima. Kifipa changu hakina neno kabisa. Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyenifundisha mambo haya, na nilipomwuliza dini yetu inaitwaje, alinitazama kana kwamba nimemwuliza kula kunaitwaje.

Watu wanadhani niligombana na padri, au nilifuata mganga. Jina la mji wenyewe hutafsiriwa kuwa ni kutupa uchawi, basi ukiacha kanisa hapa wanadhani umekwenda kuuokota ulipotupwa. Ukweli ni mdogo kuliko hapo. Baba alifariki. Mama akamwombea misa ili atoke toharani, na mimi nikakaa benchi la nyuma namfikiria baba, mtu aliyeamka kabla ya kuku na kulima matuta mpaka mgongo ukapinda, sasa amewekwa mahali anasubiri sisi tumtafutie dhamana. Jambo hilo liliniuma, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Msimu wa mavuno nikapanda kwenda nyumbani kusaidia kupukuchua. Asubuhi moja nilimwona shangazi amechutama nyuma ya nyumba, kando ya kaburi la baba, ana kibuyu, anamwaga pombe ya ulezi kidogo kidogo huku anaongea. Alikuwa anampa baba habari. Kwamba mahindi ya bondeni yametoka vizuri, kwamba ng'ombe mwekundu amezaa, kwamba mjane wake anakohoa usiku na hataki kwenda zahanati. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayesimama dirishani kwa kaka yake. Nilisimama pale na ungo wangu nikalia, kwa sababu sikuwa najua kwamba inaruhusiwa kumpa habari.

Hivyo ndivyo nilivyotoka. Sikuhama kwa hoja. Nilihama kwa sababu upande wa pili baba alikuwa anasalimiwa.

Baadaye shangazi alinieleza utaratibu. Leza, ndivyo bibi zetu walivyomwita Mungu, yuko mbali, na neno la mtu halimfikii moja kwa moja. Unamwambia yule aliyeondoka mwisho katika nyumba yenu, maana ndiye ambaye bado anazikumbuka sauti zenu. Yeye anamwambia aliyemtangulia, naye aliyemtangulia yeye, hivyo hivyo mpaka kwa wale ambao hakuna tena anayewajua majina, na hao ndio walio karibu na Leza. Ukimruka wa mwanzo umeongea na upepo. Wa mwanzo wetu alikuwa baba, kwa hiyo kwangu kazi ilikuwa nyepesi. Kila nilipokwenda Mwazye nilimwaga, nikamweleza baba habari za wateja wangu na kodi na goti langu, na sikuuliza sana neno limefika wapi. Lilipomfikia yeye, kwangu lilikuwa limefika.

Ila hakuna aliyeniambia kwamba Mungu akienda mbali, chumba kinakuwa kikubwa. Zamani nilishona peke yangu bila kuwa peke yangu. Hata kipindi nilichokuwa namkasirikia Mungu nilimkasirikia akiwa pale pale, juu ya bega, anaona jinsi mkono unavyopinda pindo. Leza haangalii pindo. Nilimlalamikia shangazi juu ya hilo, akasema, wewe mtu wa ajabu, unataka mwenye mvua aache kazi zake aje akutazame ukishona? Tulicheka. Nilirudi mjini, nikawasha taa, nikakaa kwenye cherehani, na nikatamani mno kutazamwa.

Jumapili ndiyo mbaya zaidi. Kengele inalia, mtaa wote unatoka na vitenge vilivyopigwa pasi, vingine nimevishona mimi, na halafu kimya. Ningeweza kufanya kazi, nina viporo vya sare za shule, lakini mkono wangu mpaka leo unakataa kushona Jumapili. Radi ikipiga, na huku kwetu uwandani radi hupiga kweli, mkono huo huo unafanya ishara ya msalaba kabla sijaukataza. Kwaya iliacha kuniletea kazi. Hawakunifukuza wala kunisema, walipata tu fundi mwingine, na tukikutana sokoni wananisalimia kwa upole ule wa kumsalimia mgonjwa.

Mwenye nyumba wangu, mzee wa Kiislamu mwenye duka la vipuri, alikaa miezi akinitazama Jumapili nimeketi mlangoni. Mwisho akashindwa kuvumilia, akaniuliza. Nikamwambia nimeacha kanisa na sikwenda msikitini pia. Akauliza, sasa wewe siku yako ya kusali ni ipi? Nikamwambia sina. Akafikiri sana, akasema mtu asiye na siku ya kusali atajuaje kama ameikosa. Nilitaka kukasirika lakini lilikuwa swali zuri.

Mama hakuwahi kunigombeza. Alifanya jambo la kwake. Kwenye jumuiya, pale majirani wanapokutana kusali nyumba kwa nyumba, kila mtu hujulikana alipo, na asiyefika bila sababu, siku ya msiba wake anaweza kukosa hata wa kumchimbia kaburi. Mama alijua hivyo. Kwa hiyo walipomwuliza habari zangu, alisema niko safarini. Sumbawanga na Mwazye si mbali, mtu anaondoka asubuhi na kufika na jua bado liko juu, lakini kwa jumuiya ya mama mimi nilikuwa safarini miaka na miaka. Kila walipofika kwenye maombi, mama aliomba kwa ajili ya mwanaye aliye njiani. Nikienda kijijini watu walinipa pole ya safari, na mimi nikaipokea.

Kisha kile kikohozi kilimshinda. Mwaka wa mwisho nilifunga chumba cha kazi nikaenda kukaa naye. Ilikuwa ule wakati wa baridi, upepo unaingia chini ya mlango, na mama alilala karibu na jiko la mkaa na rozari imezungushwa kwenye kiganja, shanga zake zimechakaa mpaka zimebaki ndogo kama mbegu. Nilimpikia uji wa ulezi. Alikunywa vijiko vichache kisha akaweka kikombe chini, akasema anataka kuniambia jambo na nisimkatize.

Alisema anajua ninachofanya na shangazi nyuma ya nyumba. Alijua siku zote. Kwa baba hakuona ubaya, baba alikuwa mtu wa kupenda habari na pombe, huenda hata ilimfaa. Lakini yeye ana mahali anapokwenda, amejiandaa tangu alipokuwa msichana, na hataki kuvutwa shati akiwa mlangoni.

"Nikifa usiniite," alisema. "Usinimwagie kitu. Mimi sitakuwa hapo nyuma ya nyumba, nitakuwa kwa Bwana. Nikisikia sauti yako nitageuka, nakujua na ninajijua. Mwanangu, sitaki kugeuka."

Nilimwambia, "Sawa, mama."

Nilitaka kumwambia kwamba yeye ndiye atakayekuwa wa mwanzo, kwamba akiniziba hapo amenizibia njia mpaka kwa baba na mpaka kwa Leza, kwamba sitabaki na mtu wa kusema naye juu wala chini. Lakini humwambii mtu anayekufa kwamba kifo chake kinakuharibia njia. Niliokota kikombe, nikaenda kukiosha, na nikakiosha muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

Aliondoka wiki hiyo hiyo, mchana, akiwa amelala. Jumuiya ilifika yote. Walichimba, walipika, waliimba, na sikuwahi kuona watu wakimzika mtu kwa mapenzi namna ile. Nyimbo zote nilizijua. Nilisimama mdomo umefungwa, koo linapanda na kushuka lenyewe. Katekista, aliyekuwa akinijua tangu nikiwa nafumba macho kwenda chooni, aliniita nitie udongo kama mtoto wa marehemu, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, pole na msiba, na pole na safari. Sijui mpaka leo kama alikuwa anajua. Nadhani alikuwa anajua.

Nilikuwa mtu pekee pale ambaye hakuwa na pa kumpeleka. Wao walimkabidhi kwa Mungu wao na mikono yao ikabaki myepesi. Mimi niliamini kwamba yuko pale pale, hatua chache, anasikia, na nimeahidi kunyamaza. Kwa hasira niliwaonea wivu. Imani yangu yote nimeijenga juu ya kwamba wafu wetu wanasikia, na sasa ndiyo iliyokuwa inanitesa, maana asiyeamini hivyo angepiga kelele kaburini akamaliza akaenda zake.

Ulezi ulipovunwa shangazi akapika pombe. Miguu yake imekwisha nguvu, kutoka nje ni shida, kwa hiyo alinijazia kibuyu akaniambia niende mimi nikafungue mazungumzo, mwaka umepita na nyumba haijasema neno. Nilimwambia siwezi, mama alinikataza. Akasema mama yako alikuwa anaongea akiwa huku, sasa amefika, ameona mwenyewe mambo yalivyo. Nikamwambia nilimwahidi. Nikamwuliza kama siwezi kuanza na baba, baba angeelewa.

Shangazi mwenyewe alimpenda mama, walichota maji pamoja tangu mama alipoolewa.

"Mke aliyezaa humu ni wa humu," alisema. "Ukimruka, baba yako hatakusikia. Siyo kwamba atakasirika. Hatakusikia tu."

Nilikwenda. Kaburi la mama liko kando ya lile la baba, juu kidogo, wamelizungushia matofali na kusimamisha msalaba wa mbao uliopakwa rangi nyeupe, jumuiya ndiyo iliyoupaka. Nilichutama kama shangazi anavyochutama. Niliinamisha kibuyu mpaka pombe ikafika ukingoni, nikakirudisha. Nilifanya hivyo zaidi ya mara moja. Baba alikuwa pale, naweza kusema mkono ungemfikia, na nilikuwa na mengi. Chumba nimehama. Goti limekuwa baya zaidi. Mke wake amefika au hakufika, sijui, yeye ndiye angeniambia.

Mwisho nilifungua mdomo.

"Mama," nilisema, "sikuiti. Nimekuja tu kukuambia kwamba sikuiti, usihangaike."

Nilisikia nilichosema na nikaziba mdomo kwa mkono. Nilikaa pale nimeganda, namwomba sijui nani kwamba asiwe amegeuka.

Nilirudi na kibuyu kimejaa. Shangazi alikipokea, akakipima uzito mkononi. Alimimina kwenye vikombe viwili tukanywa sisi mpaka kikaisha. Mpaka leo baba hana habari zangu.