Soksi Zangu Zilirudisha Ndege Kitale

Nimekosa, ndugu yangu. Nimemkosea mke wa kijana wangu, na naona haya hata kukuambia nilimkosea na nini. Nilimkosea na soksi.

Usicheke kwanza, bana.

Huyu msichana ni mhudumu wa ndege, ile ndogo ya kutoka Kitale kwenda Nairobi. Ana mimba ya mjukuu wangu wa kwanza. Amelalamika sana ati akiwa kazini kichwa kinamgonga na koo linamwasha. Kijana wangu alinieleza kwamba hewa mnayopumua mle ndani inatolewa kwa injini, na mafuta yakivuja kidogo tu, mvuke wake unaingia kwa watu. Unanuka kama soksi chafu. Wakubwa wa msichana wakamwambia, siku utaisikia tena hiyo harufu, sema, tutafungua injini tuangalie.

Hayo yote nilikuwa nayajua! Ndiyo inaniuma.

Sasa siku hiyo nilikuwa naenda Nairobi kuona daktari wa macho. Tiketi alinikatia msichana mwenyewe. Asubuhi nilikamua ng'ombe kwetu Bungoma nikiwa na gambuti, zile buti ndefu za mpira, halafu nikavaa viatu vya kanisa juu ya soksi zile zile, nikashika njia ya Kitale. Mvua ilikuwa imenyesha, matope kila mahali.

Kwetu Wabukusu, baba mkwe na mke wa mtoto hawazoeani. Hamsalimiani kwa mkono, hamketi karibu. Aliponiona kwa ngazi ya ndege akainamisha uso kwa heshima, akakimbilia kule mbele. Mimi nami nikaangalia ile kapeti safi, nikajiambia, hapa si ni kama nyumba yake? Utaingiaje nyumba ya mke wa mtoto na matope? Nikavua viatu mlangoni, nikaenda kuvisukuma chini ya kiti.

Hata mshipi ulinishinda kufunga, na yeye hangeweza kuninyooshea mkono tumboni. Alimwomba mwalimu mmoja wa Cheptais aliyeketi kando yangu anifunge.

Mlango ukafungwa. Tukapaa.

Wele wange, Mungu wangu! Hata mashamba ya Trans Nzoia hatujamaliza kuyaona, mama mmoja nyuma akapiga kelele, "Halufu gani hii jameni!" Mwalimu akatoa kitambaa, akageukia dirisha. Msichana akanusa, akasimama wima. Niliona uso wake. Alijua leo ndiyo leo, leo ataaminiwa! Akachukua simu ya kuongea na rubani.

Marubani wakavaa maski za oksijeni. Sisi tukaambiwa tulowanishe vitambaa na maji tufunike pua. Mimi pia nikafunika. Miguu ni yangu, na nimefunika pua!

Ndege ikageuka. Tulipotua Kitale, gari la zimamoto lilikuwa linatungoja. Mimi nilikuwa nimeshavaa viatu, na kamba nimezipiga mafundo mawili.

Fundi akafungua injini, akachungulia na tochi, hakupata kitu. Akatujia pale kwa nyasi tulipokuwa tumesimama.

"Kuna mtu alivua viatu humo ndani?"

Msichana alikuwa hapo, mkono kwa tumbo. Ningeanzaje kutaja miguu yangu mbele ya mke wa mtoto?

"Mimi viatu hata nyumbani nalala navyo," nikasema.

Watu wakacheka. Mwalimu akaangalia viatu vyangu, halafu akageuka kuangalia mlima kule mbali.

Tangu hapo kazini wanamwita Madam Soksi. Wakubwa wake wamesema ni mimba inamchezea pua, na injini haitafunguliwa tena kwa maneno yake. Walimpa na onyo.

Nilimwambia mke wangu ukweli tukiwa jikoni. Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaacha kucheka.

"Na ile harufu ya kweli je?"

Akampigia msichana simu, akaweka spika. Mimi nikasimama kando kama mwizi.

"Iko, mama," msichana akasema. "Jana ilikuja tena. Lakini nilinyamaza. Nikisema, nitafukuzwa."

Nilitoka nje nikalia, mzee mzima, kuku wakiniangalia. Mjukuu wangu anapumua kile mama yake anapumua, na mimi ndiye nimewafunga wote mdomo.

Wenzangu, mkiulizwa na fundi wa ndege, jibuni! Aibu ya miguu inaoshwa na sabuni.

Kumwambia uso kwa uso bado sijaweza. Lakini najua anausoma ukurasa huu wa barua gazetini, kwa hivyo ngoja nimalizie na yeye. Mama, kata karatasi hii upelekee wakubwa wako. Waambie ile siku ilikuwa miguu ya baba mkwe. Siku zingine zote ulikuwa unasema ukweli.