Volti Nilizopima Wakati wa Mawingu

Banda langu la ufundi pale Zinga limeshikana na la kinyozi. Sola ni yake. Mimi nimeomba waya tu. Asubuhi hiyo mawingu yalikuwa yamefunga, na bibi mmoja kutoka Fukayosi akaniletea kompyuta ya zamani ya marehemu mumewe, ameifunga kwenye kitenge kama mtoto.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Humu aliandika hadithi za mama yake, za Kikwere. Hazipo mahali pengine. Nataka kuzisoma kabla macho hayajaniacha."

Adapta ilishapotea. Kibandiko chini ya mashine kilisema volti kumi na mbili, zisizidi. Nikapima betri ya kinyozi kwa mita: kumi na mbili na nukta kidogo. Nikapima tena, nikahakiki chanya na hasi, nikaunga waya. Kichwani nilishafungua makumbusho ya kompyuta Bagamoyo mjini, mabibi wote waingie bure.

"Fundi wa makaburi," kinyozi akanitania, "ikifufuka uniite."

Ikafufuka. Maandishi ya kijani yakajipanga. Bibi akavaa miwani, akasoma kwa sauti, polepole, hadithi ya kisima kilichokataa kuchotwa siku ya msiba.

Mawingu yakaachana. Mashine ya kunyolea ikaanza kulia kwa sauti nyembamba zaidi. Taa ya mezani kwangu ikawa nyeupe mno. Niliviona vyote viwili, nikaendelea kusikiliza kisima.

Kisha nikamuuliza kinyozi, "Mbona mashine yako inalia hivyo?"

"Kontrola, ile ya kuzuia umeme wa paneli usizidi, ilikufa juzi. Nimeunga paneli kwenye betri moja kwa moja. Jua likitoka, utapenda inavyonyoa."

Nikageukia mita, bado imeshika betri. Karibu kumi na sita. Mkono ulipofika kwenye waya, maandishi yalitetemeka, yakazimika. Harufu chungu ikapanda kutoka kwenye matundu.

Kidole cha bibi kilibaki kwenye kioo cheusi. "Iwashe, nimalizie."

"Imeungua, bibi. Nilipima wakati wa mawingu. Jua sikulipima."

Kinyozi akazima mashine yake. Bibi akavua miwani, akaifuta kwa kitenge, muda mrefu.

"Chukua daftari," akasema. "Andika niliyosoma, kabla na mimi sijaisahau."

Nikaandika. Tulipofika pale watu wanainama kisimani na ndoo zao, akarudisha kidole kwenye kioo cheusi. Nikasubiri, kalamu mkononi.

"Hapo ndipo ilipozimika," akasema.