Shati la Kunenepea

Aibu niliyoipata Masumbwe huwa sipendi kuisimulia, maana watu wanaanza kucheka kabla sijafika kwenye kosa la fundi, na mimi mpaka leo nasema kosa lilikuwa la fundi.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa kijana wa mgodini Geita, kazi yangu kusukuma vitoroli vya mawe, Jumapili nacheza mpira, kwa hiyo mwili ulikuwa umejikata, mabega mapana, tumbo hakuna. Sasa katafute shati la mwili huo! Kahama nilizunguka maduka yote, lililonitosha mabegani tumboni wangeingia watu wawili, na lililonitosha tumboni lilinibana makwapani hata mkono wa kusalimia haunyooki. Na mimi nilikuwa nakwenda kujitambulisha kwa wazee wa mchumba wangu Kabula, ambao walikuwa hawajaniona hata siku moja.

Nikanunua kitambaa cheupe nikampelekea Fundi Saidi, akanipima kifua, kiuno, kila mahali. Siku ya safari nalivaa, tumboni pamebaki ukumbi.

"Fundi, si ulinipima?"

"Nilikupima. Lakini unakwenda kuoa wewe, na ukioa utanenepa. Nimekuachia nafasi."

Jamani! Nani alimwuliza habari za mwili wangu wa mwakani? Nilikwenda kushonewa shati au kupigiwa ramli? Lori linapiga honi nje, nikaamua upumbavu wangu: nikamwambia alikunje shati mgongoni, alibane kwa pini zile kubwa za kufungia nepi, nikavaa koti juu yake. (Kwa mbele nilipendeza, msibishe.)

Masumbwe nikapokewa vizuri, shikamoo, marahaba, kiti, maziwa. Jua la mchana linachoma, Baba Kabula akaniambia, "Vua koti, ng'wanawane, mwanangu, hapa ni nyumbani." Nikajibu kwamba nasikia baridi kidogo. Baridi, na jasho linanitiririka mpaka kidevuni! Nikamwona shangazi yake Kabula anamnong'oneza mama mtu, nikajua wameshanipa ugonjwa.

Mara kelele, ng'ombe wameingia kwenye pamba ya jirani. Nikasema hapa ndipo watanijua, nikatupa koti, nikatoka mbio, nikawapita vijana wote wa pale. Lakini pini nazo zikaanza kufunguka, moja ikanichoma nikapiga yowe, nyingine ikanichoma nikaruka, shati likajaa upepo, na wanawake huko nyuma wameshikana kwa kicheko. Ng'ombe niliwageuza, wote, nikawarudisha zizini huku natembea upande upande kwa maumivu.

Shangazi akaanza kunichomoa pini mgongoni mbele ya majirani. "Kumbe limebanwa! Mwili wenyewe ndio huu? Baba, unaumwa nini?"

Mimi! Mtu anayesukuma mawe kutwa, anaulizwa anaumwa nini! Baba Kabula naye akatoa uamuzi taratibu, "Arudi kwao kwanza, ale, akinenepa ndipo tuzungumze." Nikaona mke ananiponyoka hivi hivi, kwa ajili ya shati.

Ndipo Kabula, ambaye hakutakiwa hata kufungua mdomo mbele ya wazee, akasema kutoka mlango wa jikoni, "Baba, hao ng'ombe wamerudishwa na nani? Wamerudishwa na shati?"

Mzee akacheka mpaka akafuta machozi, akasema, "Mpeni chakula." Hapo nikajua nimepata mke.

Fundi nilipomrudia nimgombeze, hakuomba hata radhi, akaniuliza kama nimeshaanza kunenepa! Nikaapa shati lisilonikaa sitalitoa tena kwa fundi, lori na liondoke. Na kunenepa sijanenepa mpaka leo. Aliyenenepa ni Kabula, shati lile ndilo analovaa akienda shamba, na linamkaa sawasawa mpaka nakasirika.