Harusi ya Nyani wa Mloka

Juzi studio tulikuwa tunatafuta sauti ya debe. Milio ya debe ya kwenye kompyuta tunayo ya kumwaga, lakini yote ni misafi mno, utadhani debe limeoga. Mwenzangu akatoka, akarudi na debe la kweli, bovu, limeliwa na kutu, akaliweka mbele ya maikrofoni na kulipiga kwa mti. Ngwaa! Nikajikuta nimesimama wima, chai imemwagika juu ya karatasi za mchezo wa redio. Wenzangu wakacheka. "Dada Hawa, umeona tembo?" Nikawajibu, "Nyani." Wakadhani natania.

Mimi si mtu wa kutulia, niwaambie mapema msije mkanilaumu. Hata hapa ninapoandika nimeshainuka mara tatu: mara kufunga dirisha, mara kulifungua lile lile, mara kwenda kutazama kama sufuria ipo jikoni pale ilipokuwa jana. Nilipokuwa mdogo ilikuwa balaa. Mama alikuwa anapika na kuuza chakula Kibiti, pale mabasi yanaposimama, na mtoto wa kukimbiakimbia baina ya magari hakumweza. Basi akanipeleka Mloka kwa mama yake, Bibi yangu, akidhani kijijini nitatulia. Thubutu!

Bibi alikuwa na shamba la mpunga bondeni, karibu na mto. Kule kwetu mpunga ukianza kutoa masuke, watu huhamia shambani, wanaishi kwenye dungu, yaani kibanda kilichosimama juu ya miguu mirefu ya miti, ili waamie. Kuamia ni kulinda: asubuhi ndege, mchana nyani, na wengine wakubwa zaidi siwataji. Kazi yenyewe ni kukaa. Unakaa juu, unatazama, unapiga debe, unakaa tena. Hebu nifikirieni mimi, na kazi ya kukaa.

Wiki ya kwanza tu nilishuka dunguni bila kuaga, nikafuata nyayo za kiboko kwenye tope kwa sababu zilinipendeza, kila moja imejaa maji na ndani yake mna kijua kidogo. Bi Zena, jirani yetu wa dungu la pili, ndiye aliyeniona karibu na maji akapiga yowe. Bibi alikuja mbio, kanga imebaki njiani. Hakunipiga. Alinishika mkono, asiuachie hata tulipofika juu. Nilimwona mwoga sana, mtu mzima anaogopa nyayo.

Kesho yake ndiyo harusi ilipoanza.

Nyani walitokea upande wa porini, kama kawaida yao, dume kubwa limetangulia kwa maringo. Bibi hakupiga debe. Alisimama, akaweka mkono kiunoni, akapaza sauti: "Ala! Bwana Harusi! Ndiyo unakuja sasa, na kanzu umeiacha wapi? Unakuja ukweni makalio wazi?" Nikaangua kicheko mpaka nikashika nguzo. Bibi akasubiri nimalize, kisha akaendelea. Kumbe yule dume alikuwa anataka kuoa, na wakwe zake walikuwa watu wakali wa ng'ambo ya mto, na shangazi yake alikuwa ameshakula nusu ya wali wa shughuli. Kila nyani alipata jina na cheo. Yule mwenye sikio lililochanika alikuwa mshenga. Nyani walikimbia, mimi nikaruka, nikapiga makofi, nikawazomea. Jioni tulipokuwa tunakusanya vyombo Bibi akasema, "Kesho, mke mwenzangu, Bwana Harusi anakwenda kwa fundi kupimwa kanzu. Sasa sijui ule mkia fundi ataupitisha wapi."

Mke mwenzangu, ndivyo alivyoniita, kwa utani wa bibi na mjukuu. Na mimi nililala nikiuwaza ule mkia.

Basi ikawa hivyo kila siku. Fundi aliugua. Fundi akapona, uzi ukaisha. Uzi ukapatikana, nyani akanenepa kwa mpunga wa wizi, vipimo vikabidi vianze upya. Nilikuwa siondoki dunguni hata kwa haja mpaka nimwombe Bibi anisubiri. Watu waliopita njiani walimsikia akiwafokea nyani kama watu, wakatikisa vichwa. Bibi hakujali.

Katikati ya msimu Mama akaja kutuona. Alileta sukari, alileta redio ya kaseti kwa ajili ya Bibi, na kaseti moja ya mawaidha. Alinitazama nilivyochakaa, magoti yana vidonda, akamwambia Bibi mbele yangu: "Mama, mpunga ukiharibika mwaka huu, Hawa namchukua. Kama shamba halilindiki na mtoto halindiki, afadhali awe karibu yangu." Bibi akajibu, "Hautaharibika." Akasema hivyo tu, akaendelea kuchambua mboga. Usiku ule nilimshika kanga mpaka asubuhi. Sikutaka kwenda Kibiti. Nani angeniambia habari ya ule mkia?

Sasa sikilizeni akili ya mtoto. Ile redio ilikuwa na kitufe chekundu cha kurekodia. Nilikigundua siku ile ile. Kaseti ya mawaidha ilikataa kurekodi, nikayaziba yale matundu mawili ya mgongoni mwake kwa karatasi niliyoitafuna, ikakubali. Mchana uliofuata nikaificha redio chini ya kanga, nikamrekodi Bibi akimsimanga Bwana Harusi, mwanzo mpaka mwisho. Nilifanya mchezo tu. Nilitaka kumsikia tena usiku, kwa siri, sauti nimeishusha chini kabisa.

Lakini baada ya siku chache ukaja ujumbe wa msiba kutoka Umwe, ndugu yake Bibi amefariki, na Bibi akalazimika kwenda siku tatu. "Bi Zena atakutazama," akaniambia, "lakini shamba ni lako, mke mwenzangu. Usiteremke." Akaniachia debe na ule mti wa kupigia. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, na nilimaanisha, kwa maana nilikuwa na Bibi mwingine ndani ya redio.

Siku ya kwanza nikaifungulia. "Ala! Bwana Harusi!" Nyani wakasimama. Mimi juu ya dungu nikacheka palepale ninapochekaga siku zote, nikaruka, nikazomea, nao wakatimka. Niliona raha kama nimejenga msikiti! Siku ya pili nikaona kwa nini nikae, ikiwa sauti inafanya kazi yenyewe? Nikashuka, nikawa nacheza njiani, nakimbia kurudi kila sauti ya Bibi inapokwisha, nairudisha nyuma, natoka tena. Jioni niliona masuke machache yamechanwa pembeni. Nikajiambia betri zimechoka, nikazianika juani kama watu walivyokuwa wakifanya, mpaka zikanuka ile harufu ya chuma cha moto.

Siku ya tatu likapita gari la matangazo. Lilikuwa na spika mbili juu ya kichwa chake na lilikuwa linatangaza sinema kwenye uwanja wa shule, muziki unatoka humo mpaka mbavu zinatikisika. Bi Zena alikuwa amekwenda kuteka maji. Jamani, miguu yangu haikuniuliza. Niliwasha redio, nikaliambia debe libaki salama, nikalifuata lile gari kijiji kizima, nikaona wanavyofungua nyaya, wanavyonyoosha kitambaa cheupe. Nilirudi adhana ya alasiri imeshapita.

Kabla sijafika nilisikia sauti ya mwanamume shambani, nikadhani Bibi amerudi na mgeni. Hapakuwa na mgeni. Sehemu niliyomrekodi Bibi ilikuwa imekwisha, na kaseti ikaendelea na kilichokuwamo tangu mwanzo. Sheikh alikuwa anausia subira, kwa sauti ya taratibu, na chini ya dungu nyani wamekaa kitako kwenye mpunga, familia nzima, wanakula na kumsikiliza. Bwana Harusi alinitazama, akachana suke jingine. Robo tatu ya shamba ilikuwa imelala chini.

Nilipiga debe mpaka mti ukavunjika. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Bibi alirudi kesho yake asubuhi. Alisimama ukingoni mwa shamba muda mrefu, kisha akapanda dunguni, nikamwambia yote, kwa sababu nilikuwa nimeshachoka kulia na uongo unahitaji nguvu. Akasema, "Hebu niifungulie nisikie." Nikaifungulia. Hakuwahi kujisikia maishani mwake. Alisikiliza kichwa kimeinama, na ilipofika zamu ya sheikh akacheka hadi machozi, akajipiga paja, "Astaghfirullah, umewaleta nyani darsani!" Nami nikaanza kucheka kidogo. Kisha akajifuta macho, akauliza, "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Barabarani, Bibi."

Aliitoa kaseti, akaifunga kwenye pindo la kanga yake.

Mama alikuja mwisho wa wiki. Hawakugombana, na hilo liliniuma zaidi. Bibi alinifungia nguo zangu, akanipa na kifuko cha mchele wa mwaka uliopita, akasema niwe na adabu. Ndani ya basi nilikumbuka sijauliza habari ya mkia. Nikataka kushuka. Mama akanishika.

Yote hayo mnaweza kuyaita mambo ya watoto. Kwa miaka mingi nami niliyaita hivyo, na nikayageuza kichekesho. Kazini wenzangu hunipenda nikisimulia ile ya sheikh na nyani. Siku hizi kazi yangu ni kutengeneza michezo ya kusikiliza, ya redioni na ya kwenye simu, na shida yetu ya kila siku ni msikilizaji asiyetulia: akichoka kidogo tu anatupitisha kwa kidole, amekwenda. Huwa naambiwa nina kipaji cha kumzuia mtu asiondoke. Nacheka tu.

Kaseti niliikuta sandukuni mwa Bibi alipofariki, bado imefungwa katika lile pindo la kanga. Nilikaa nayo, sina pa kuipigia. Juzi, baada ya lile debe, sikuweza kufanya kazi. Nikazungukazunguka, nikaomba mashine ya zamani kwa fundi wetu, nikaiingiza kaseti kwenye kompyuta, nikavaa spika za masikioni.

Bibi huyo hapo. "Ala! Bwana Harusi!" Halafu ananyamaza. Nikaona kwenye kioo cha kompyuta mstari wa sauti umekaa chini, na mimi, kwa mazoea ya kazi, mkono ukaenda kuukata huo ukimya. Kabla sijaukata nikasikia kitu ndani yake. Nikapandisha sauti. Kicheko cha mtoto, mbali kidogo na redio. Bibi anamsubiri amalize, ndipo anaendelea. Nikasogeza mbele. Kila neno la kuchekesha, kimya, kicheko, ndipo linafuata jingine. Hakuna hata mara moja alipowasubiri nyani.

Nilivua zile spika, nikampigia simu mtoto wa Bi Zena ampe mama yake, ambaye bado yuko Mloka na masikio yake ni mazima. Nikamuuliza, Bibi aliwafokea nyani hivyo tangu lini? Bi Zena akacheka. "Kabla hujaja alikuwa anapiga debe kama sisi sote. Na ulipoondoka akarudi kwenye debe lake. Msimu uliofuata nilimpigia kelele toka dungu langu, bibiye, harusi imefika wapi? Akaniambia imeahirishwa, Hawa hayupo."

Nimeinuka mara ya nne sasa, nimerudi.

Hayupo! Na mimi nilikuwa narudi kwake, jamani. Nilikwenda Mloka Idd baada ya Idd, nimekuwa msichana, nimekuwa mfanyakazi, simu mkononi, siku mbili nimeondoka. Na kila mara nikiwa nafunga mkoba, Bibi aliketi mlangoni pale, akaniuliza neno lile lile: "Huna la kuniuliza, mke mwenzangu?" Nikadhani anataka nimuulize habari za miguu yake, au za shamba. Miguu nilikuwa nimeshaiuliza.

"Sina, Bibi," nilimjibu, kila mara, huku natazama kama gari limefika.