Pikipiki ya Mkunga

Jamani, leo kaka yangu kaangukiwa na pikipiki aliyotaka kunichagulia mimi!

Hajaumia. Msicheke kwanza.

Mnajua mie ni mkunga, huku Chwaka nazunguka kwa baiskeli. Mwezi uliopita nlichelewa, nkamkuta Bi Mwanajuma keshajifungua peke yake. Alhamdulillahi, wazima wote. Lakini siku ile nliamua kununua pikipiki.

Basi leo tumekwenda mjini, kwa fundi pikipiki mmoja wa Darajani. Alikuwa nazo tatu za kuuza.

Kaka akaikimbilia ya cc 250. "Hii ndiyo mashine! Msitu wa Jozani unaupita kama upepo."

Mie jicho langu kwenye ndogo, ya cc 50. Nyepesi, lakini je, ikinibidi kumpakia mama mjamzito nyuma?

Fundi akasema, "Bibie, kwenye mchanga utaanguka tu. Ikikulalia, utaweza kuiinua?"

Swali hilo sikuwahi kulifikiria!

Akazilaza zote chini. "Haya, jaribuni."

Kaka akakunja mikono ya shati, akainyanyua ya 250 mpaka nusu. Ikamrudia, wakaenda chini pamoja.

Mie nkaishika ya katikati, cc 125. Mara ya kwanza ikanishinda. Mara ya pili ikasimama, na jasho likinitoka ndani ya buibui.

Nimeichukua hiyo.

Nkamwambia kaka, "Sasa nifundishe kuendesha."

Akajifuta vumbi kwanza. "Mie mwenyewe sijui."

Enhe, nyie kaka zenu wakoje?